Lango la Mwadui na Kazi ya Mbali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyezitawanya riziki za waja wake mahali mbali mbali, huyu akaipata yake baharini, yule shambani, na mwingine ndani ya mwamba. Siku hizi watu wengi wanazungumza juu ya kazi ya mbali, yaani mtu kukaa nyumbani kwake na kompyuta, akamtumikia tajiri aliyeko mji mwingine au nchi nyingine kabisa, na wala wasionane uso kwa uso. Wako wasemao kuwa hiyo ni neema, na wako wasemao kuwa ni fitina. Kabla ya kuhukumu, yafaa tutazame nyuma kidogo, na mahali pazuri pa kutazamia ni Mwadui katika mkoa wa Shinyanga. Hapo kazi ilizungushiwa ua na kutiwa lango, mtu akajua kwamba akiwa ndani yuko kazini, na akiwa nje hayuko.

Kabla ya ua huo, Msukuma hakuwa na haja ya kutenga kazi na nyumbani. Shamba lilianzia mlangoni, ng'ombe walilala karibu na mwenyewe, na watoto walijifunza kazi kwa kuwatazama wazee wao. Kulima kulikuwa kwa pamoja na kwa ngoma. Ile Bugobogobo inayochezwa leo kwa majembe mbele ya wageni wa serikali ilikuwa ni ngoma ya shambani, watu wakilima kwa mapigo yake. Hapakuwa na mtu wa kuuliza fulani ameingia kazini saa ngapi. Wala tusidhani kuwa maisha hayo yalikuwa ya raha tupu, maana njaa ilikuwapo, magonjwa yalikuwapo, na kazi ya mwanamke haikuwa na mwisho, kama vile isivyokuwa na mwisho leo.

Kilichokuja kumtoa mtu nyumbani kwake ni biashara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma walishika njia ya pwani wakiwa wapagazi, wakateremka Bagamoyo na pembe za ndovu, wakarudi na nguo na shanga. Halafu likaja shamba la mkonge. Vijana wa bara walitiwa katika mikataba wakapelekwa Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake na kwa hiyo namba ndiyo alijulikana. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokwisha 1928, ilipita katika nchi ya Shinyanga ikawafungulia wengi njia. Basi kazi ikawa ni mahali, mahali pa mbali ambapo mtu huenda, na anaporudi watu humtazama mikononi amekuja na nini.

Mwadui ilikuwa ni kinyume cha hayo, kwani hapo kazi ndiyo iliyokuja bara. Mwezi wa Machi 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aliyekuwa amehangaika miaka mingi na mara nyingi bila ya fedha, aligundua hapo mwamba wenye almasi ambao ni katika mikubwa kabisa iliyojulikana duniani, upana wake wa juu ukiwa hekta 146. Alisaidiwa na mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, na 1942 ikaundwa kampuni ya Williamson Diamonds. Penye pori pakawa na mji, wenye nyumba, shule, hospitali na kiwanja cha ndege. Williamson hakuoa. Alikufa Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Katika miaka ya 1970 ukawa mali ya taifa. De Beers wakarudi 1994, na 2009 hisa zao zikashikwa na kampuni ya Petra Diamonds.

Haya ya kubadilishana wenyewe hayatatushughulisha sana. Jambo la kutazama ni ule ua.

Mwaka 1947 ilitoka Mwadui almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, ambayo Williamson alimpa binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, kuwa zawadi ya arusi. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Kwa hivyo jiwe hilo lililosifiwa dunia nzima halikufika gramu 11, na mtu angeweza kulificha shavuni akapita akiwaamkia walinzi. Mchimba chuma hawezi kuiba chuma cha kumtajirisha, wala mlima pamba hawezi kuondoka na robota kwapani, lakini mchimba almasi anaweza. Hii ndiyo asili ya seng'enge, walinzi na upekuzi katika migodi ya almasi popote ilipo. Huko Kimberley, Afrika ya Kusini, tangu 1885 wafanya kazi Waafrika walifungiwa ndani ya makambi muda wote wa mkataba wao, na walipomaliza walizuiliwa tena siku kadhaa ili ihakikishwe kuwa hawakumeza kitu. Na sisi wenyewe, baada ya kujitawala, tumejenga kuta. Ukuta wa Mirerani unaozunguka machimbo ya tanzanite, wenye urefu wa kilomita 24 na zaidi, ulifunguliwa rasmi Aprili 2018.

Siwalaumu waliojenga, maana wizi ulikuwapo na upo. Lakini ukuta hufundisha kitu. Mtu anayepekuliwa kila siku huanza kuona kwamba uaminifu ni kazi ya mpekuzi, na yeye mwenyewe hana tena sehemu katika jambo hilo. Akipata pengo, ataona ni halali yake. Na mlinzi naye, aliyepewa bunduki amlinde tajiri na jirani zake mwenyewe, moyo wake hugeuka. Mwezi wa Mei 2021 Petra Diamonds ilikubali kutoa pauni milioni 4.3, pamoja na gharama za mawakili na miradi ya wenyeji, ili kumaliza shauri lililofunguliwa London na watu 71 waliodai kuwa waliumizwa au kuwa jamaa zao waliuawa na walinzi wa mgodi wa Mwadui. Kampuni haikukiri kuwa ilikuwa na dhima. Mtu asomaye anaweza kupima mwenyewe.

Tena liko jambo jingine ambalo lango lilituficha. Tunasema kazi ya mbali ni jambo jipya, ilhali Mwadui haikuwahi kukaa siku moja bila ya kazi ya mbali. Bei ya almasi haikupangwa Shinyanga, ilipangwa London, na Williamson mwenyewe, pamoja na utajiri wake wote, aligombana na wanunuzi wa huko miaka kadhaa akayazuia mawe yake asiyauze. Wenye hisa walikuwa mbali, mahasibu wakuu walikuwa mbali, na waliokata na kusugua mawe walikuwa mbali. Aliyelazimika kuwapo mahali pale, na kupita langoni asubuhi na jioni, alikuwa ni yule mwenye mikono. Kwa hiyo kilicho kipya si kazi kufanywa mbali na mali. Kilicho kipya ni kuwa karani naye, na mtoto wa karani, wamepata kile ambacho wenye mali walikuwa nacho tangu zamani.

Na kabla ya wenye mali wa London walikuwapo wengine. Sote twajua kisa cha Bibi Khadija (R.A.). Alikuwa mfanyi biashara wa Makka, na biashara yake ilikuwa Sham, safari ya wiki nyingi. Yeye alikaa nyumbani, na mali akaitia mikononi mwa kijana ambaye watu walimwita Mwaminifu, naye ni Muhammad (S.A.W.) kabla ya kupewa utume. Alimpeleka pamoja na mtumishi wake Maysara, ambaye aliporudi alimsimulia bibi yake aliyoyaona. Tazama vizuri hapo, maana wengi hupapita mbio. Bibi Khadija hakuwa mjinga wa kutupa mali yake, shahidi alikuwapo. Lakini Maysara hakutumwa kumpekua mtu mifuko. Alikuwa mwenziwe safarini, akala naye na akalala naye njiani, na ushahidi alioutoa ulimnufaisha aliyeshuhudiwa kama ulivyomnufaisha mwenye mali.

Desturi hiyo ya mwenye mtaji kukaa na mwenye mwendo kwenda, ambayo wanavyuoni wetu wameiwekea masharti yake na kuiita mudharaba, ndiyo iliyojenga biashara ya pwani yetu na bara. Tabora, ambayo haiko mbali sana na Shinyanga, ilikuwa mji wa mawakala. Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alikaa bara na Kongo tangu 1870 hivi mpaka 1882 bila ya kurudi Unguja, akifanya biashara kwa bidhaa alizokopeshwa na Mhindi tajiri, Taria Topan, ambaye hakuwa na njia ya kumchungulia. Deni lilikumbukwa miaka hiyo yote, na barua zilipita mikononi mwa watu wa misafara. Hatuyasemi haya kwa kujisifu. Biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na waliochukuliwa utumwani walikuwa ni watu wenye mama na baba. Amana iliyokuwapo baina ya wenye mali haikuwahi kuwafikia wale waliobeba mzigo, na aibu hiyo ni yetu kuikiri, si ya kuachia wengine watutajie.

Sasa turudi kwenye zama zetu. Mwaka 1973 Mmarekani Jack Nilles, wa chuo kikuu cha Southern California, alianza kutafiti uwezekano wa kumpelekea mtu kazi kwa njia ya simu badala ya kumsafirisha mtu kila siku kwenda kazini. Mwaka ule ule bei ya mafuta ilipanda ghafula, na magari ya Wamarekani yakapanga foleni kwenye vituo vya petroli. Kwetu Tanzania, mwaka ule ule, serikali ilikuwa katika Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, ili wawe karibu na shule, kisima na shamba la pamoja. Huko walifikiria kumwacha mtu alipo, huku tulimng'oa alipo. Kila mmoja aliona ndiyo njia ya maendeleo.

Fikra ya Nilles ilingoja nyaya. Kwetu zilifika Julai 2009, ulipoanza kufanya kazi mkondo wa SEACOM uliopita chini ya bahari mpaka Dar es Salaam na Mombasa, na baadaye mkongo wa taifa ukaeneza mawasiliano mikoani. Halafu 2020 yakaja maradhi ya korona. Nchi nyingi zilifunga maofisi, na mamilioni ya watu wakajifunza kwa lazima kuwa kazi ya mezani haihitaji meza ya tajiri. Huku kwetu maofisi mengi hayakufungwa, lakini habari ilienea, na vijana wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na hata miji midogo wakaanza kutafuta kazi za ng'ambo kwa kompyuta: kutafsiri, kuandika yaliyosemwa katika kanda, kupanga hesabu, na kuzifundisha mashine kutambua picha. Kenya ilikuwa imetangulia, kwa kuwa serikali yake ilianzisha mpango wa Ajira Digital tangu 2016.

Tuseme basi kijana wa Maganzo, mji ulio jirani ya lango la Mwadui, amepata kazi kama hiyo. Babu yake alipita langoni akapekuliwa, yeye hana lango. Anaweza kuswali adhuhuri kwa jamaa katika msikiti wa mtaani kwake, jambo ambalo babu yake, akiwa zamu ndani ya shimo, pengine hakulipata. Anaweza kumtazama mama yake mgonjwa, wala hana haja ya kwenda kupanga chumba kimoja Dar es Salaam na kuwaacha wanawe wakikua kwa picha. Hii ni neema, na asiyeiona hajawahi kuishi mbali na watu wake kwa ajili ya mshahara.

Lakini lango lenyewe halikufa. Zipo programu ambazo tajiri humtaka mfanya kazi aziweke katika kompyuta yake, nazo hupiga picha ya kioo kila baada ya dakika kadhaa na kuhesabu vidole vimebonyeza mara ngapi. Mpekuzi aliyekuwa akisimama kwenye seng'enge sasa anaketi chumbani mwa mtu, pale alipo mke na watoto, na wala hana saa ya kuondoka. Babu alipotoka nje ya lango jioni alikuwa huru mpaka asubuhi. Mjukuu, ikiwa tajiri wake yuko California, wakati tajiri anaamka kwake ni jioni, na watu wa nyumba wanapotaka kulala yeye ndiyo kwanza anaitwa.

Pana kisa kinachosimuliwa katika habari za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), kwamba usiku mmoja akizunguka mitaa ya Madina alimsikia mama akimwambia binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza, kwani Umar hayupo hapo awaone. Binti akamjibu mamaye kuwa ikiwa Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Umar akamwoza mwanawe Asim binti huyo, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdulaziz, yule khalifa mwadilifu. Aghlabu kisa hiki huwasomewa wauza maziwa na wafanya kazi. Mimi naona kinamhusu tajiri vile vile. Anayeishi ng'ambo, ambaye mfanya kazi wake hawezi kumfikia, yeye naye yuko mahali ambapo Umar hamwoni.

Mwezi wa Machi 2024 mtandao uitwao Remotasks, wa kampuni ya Marekani Scale AI, ambao uliwapa watu kazi ya kuzifundisha mashine, ulifungwa ghafula kwa watu wa Kenya. Waliokuwa wakitegemea mlo wao hapo walikuta mlango umefungwa, na hapakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza. Mlinganishe huyo na mpagazi wa bandari. Mwaka 1947 wapagazi wa Mombasa waligoma mwezi wa Januari, na wale wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba, na mgomo wa Dar es Salaam ukaenea bara kwa njia ya reli. Waliweza kwa sababu walifahamiana. Walibeba gunia moja wawili wawili, wakanywa chai kibanda kimoja, na tajiri wao walijua mlango wake. Kijana wa kompyuta hamjui mwenzake anayefanya kazi ile ile mtaa wa pili, na pengine wanashindana wao kwa wao, kila mmoja akishusha bei yake gizani.

Dini yetu imesisitiza ujira ulipwe upesi, kabla ya jasho la mfanya kazi kukauka. Jasho la kompyuta halionekani, lakini ujira ni ule ule. Na yule mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Mussa (A.S.) alimwambia tangu mwanzo muda wenyewe, miaka minane, na kumi kwa hiari yake, na kwamba hataki kumtaabisha. Mkataba ulikuwa wazi kabla ya mbuzi wa kwanza kuchungwa. Vyama vyetu vya wafanya kazi, pamoja na mabunge yetu, vinafaa vishughulike hapo kwanza: kazi ya mbali iwe na mkataba unaosomeka, muda unaojulikana, na mahakama ambayo mtu wa Kishapu anaweza kuifikia. Wale 71 wa Mwadui waliifikia ya London, lakini ilikuwa kwa msaada wa mawakili wa huko huko, na si kila mtu atapata.

Na ndani ya nyumba pia kuna hesabu. Mwanamke akipewa kazi ya mbali, wengi hufurahi kwamba sasa atapata mshahara na jungu halitaungua. Mara hii zote mbili zake! Bwana akifanya kazi nyumbani watoto huambiwa wanyamaze, bibi akifanya kazi nyumbani watoto huambiwa waende kwa mama yao. Tumesoma kuwa Mtume wetu (S.A.W.) nyumbani kwake alishona viatu vyake na kuwasaidia watu wake. Wanaume wengi tunaopenda kutaja sunna, hiyo huwa hatuikumbuki.

Bado sijasema lile ambalo kwa watu wa Shinyanga na Geita ni kubwa kuliko yote. Tumezoea kudhani kuwa kazi ya mbali ni ya makarani, na kuwa mgodi, kwa kuwa uko ardhini, hauwezi kuhama. Tangu 2010 kampuni ya Rio Tinto inaendesha machimbo yake ya chuma ya Pilbara, Australia, kutoka kituo kilichoko mjini Perth, umbali wa kilomita 1,500 hivi, na malori makubwa huko yanakwenda bila ya dereva. Geita, ambako mgodi mkubwa wa kisasa ulianza kazi 2000, kuna mamia ya familia zinazokula kwa usukani wa lori. Siku usukani huo utakapohamishwa, kijana wa Maganzo na kompyuta yake atakuwa amepata kazi, na jirani yake dereva atakuwa ameipoteza, kwa waya ule ule. Ushuru wa mshahara wa mtu anayeketi Perth utalipwa Perth. Chai yake atainywa Perth. Mama ntilie wa Geita hatamwona.

Kitakachobaki mahali pale ni shimo, pamoja na watu wanaoishi kando yake. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la kuhifadhia maji na tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka. Tope lilimwagika nje ya ua likaingia katika mashamba na nyumba za vijiji vya jirani. Siku hiyo wenye hisa walioko ng'ambo waliweza kupata habari kwa simu zao. Wanakijiji walitoka wakatazama mahali palipokuwa na mashamba yao.